Kuni mchana, sataranji jioni: namna Botvinnik alivyoendelea kujifunza akiwa mkimbizi wa vita

Mwezi wa Agosti 1941, majeshi ya Ujerumani yakiwa yanaukaribia mji wa Leningrad, treni moja iliondoka mjini humo kuelekea mashariki. Ndani walikuwamo watu wa ukumbi wa Kirov, wacheza baleti na wapiga muziki, pamoja na familia zao na mizigo waliyoweza kubeba. Kati yao alikuwamo mwanaume wa miaka 30, mwenye miwani, mume wa mcheza baleti mmoja wa ukumbi huo. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya macho yake mabovu. Jina lake Mikhail Botvinnik, injinia wa umeme. Miezi minne kabla ya safari hiyo alikuwa amewashinda wachezaji watano wenye nguvu zaidi wa Umoja wa Kisovieti katika sataranji, ule mchezo ambao wengi hapa kwetu wanauita kwa Kifaransa échecs: ubao wa vyumba 64, kila mchezaji na kete zake 16, na mfalme mmoja wa kulinda.

Walifikishwa Perm, mji ulioko karibu na milima ya Ural. Nyuma yao njia ilifungwa. Tarehe 8 Septemba Leningrad ilizingirwa, na mzingiro huo haukuvunjwa kabisa hadi tarehe 27 Januari 1944. Njaa iliua watu kwa mamia ya maelfu. Leonid Kubbel, mmoja wa watungaji wakubwa wa mafumbo ya sataranji, alikufa ndani ya mji mwaka 1942. Alexander Ilyin-Zhenevsky, ambaye mwaka 1925 alimshinda bingwa wa dunia Capablanca mjini Moscow, aliuawa na mabomu ya ndege mwezi wa Septemba 1941 akiwa kwenye ziwa Ladoga, akijaribu kuondoka. Botvinnik alipona kwa tofauti ya siku chache tu.

Aliyewahi kufika mahali pageni na mizigo kichwani anajua maswali ya siku za kwanza: tutalala wapi, tutakula nini, nani ana kazi ya kutoa. Kwa Botvinnik hali ilikuwa hiyo hiyo. Alipata kazi katika shirika la umeme la pale Perm, upande wa nyaya za nguvu kubwa. Kulikuwa na baridi kali, chakula cha kadi, na kuni za kutafuta. Binti yake alizaliwa huko huko mwaka 1942.

Kulikuwa na jambo lingine lililomkera. Tangu mwaka 1938 alikuwa akifuatilia mpango wa kucheza na Alexander Alekhine, bingwa wa dunia. Mazungumzo yalikuwa yameanza. Sasa Alekhine alikuwa upande wa Ulaya uliotekwa na Wajerumani, na hakuna aliyeweza kusema vita itaisha lini. Lengo hilo kubwa lilikuwa limefungwa, na halikuwa na mlango wa kubisha.

Basi Botvinnik alichukua kazi iliyokuwa ndani ya uwezo wake. Mashindano aliyoshinda masika ya mwaka 1941 yalikuwa ya watu sita, kila mmoja akikutana na mwenzake mara nne: michezo 60 kwa jumla. Jioni, baada ya kazi, alikaa na ubao na karatasi akaichambua, hatua kwa hatua, ya kwake na ya wenzake, akiandika wapi mtu alikosea na angefanya nini badala yake. Hakuwa na mashindano mbele yake wala mpinzani wa kiwango chake pale mjini. Lakini michezo 60 ni kitu kinachohesabika. Leo umemaliza mmoja, kesho unaanza mwingine, na siku ukishindwa kwa uchovu unajua ulipoishia. Uchambuzi huo ulitoka kama kitabu baada ya vita.

Tabia hiyo haikuanzia Perm. Botvinnik alizaliwa mwaka 1911 na hakujua sataranji mpaka mwaka 1923, akiwa na miaka 12. Alifundishwa na kijana rafiki wa kaka yake, kwa ubao na kete zilizotengenezwa nyumbani. Mwaka 1925 Capablanca alipita Leningrad na kucheza na watu wengi kwa wakati mmoja, akitembea kutoka ubao hadi ubao. Botvinnik, mwenye miaka 14, alikuwa mmoja wao, akamshinda.

Wasimuliaji wengi hukatia hadithi hapo, na ndipo wanapowapoteza vijana. Mtoto anasikia kwamba miaka miwili inatosha kumshinda bingwa wa dunia. Hasikii kwamba Capablanca alikuwa akigawa macho yake kwenye mbao nyingi, wala kwamba kijana huyo alihitaji miaka sita mingine ndipo awe bingwa wa nchi yake, mwaka 1931, na mingine 17 ndipo awe bingwa wa dunia. Kutoka ubao ule wa nyumbani hadi taji, miaka 25. Na alikuwa na kipaji kikubwa. Mwenye kipaji cha kawaida akipanga kufika mbali ndani ya miezi sita, anajitengenezea huzuni mwenyewe.

Kilichomtofautisha Botvinnik na wenye vipaji wengine kilionekana vizuri aliposhindwa. Mwaka 1940 alicheza ubingwa wa Umoja wa Kisovieti akitarajiwa kushinda. Akafungana na mwingine nafasi ya tano. Ukumbi ulikuwa na kelele, watu wanaingia na kutoka, na moshi wa sigara umetanda. Botvinnik hakuvuta sigara na alipenda ukimya. Alilalamika, ndiyo, alikuwa mtu wa kulalamika sana, na wapinzani wake walilisema jambo hilo maisha yake yote. Lakini kisha akafanya jambo ambalo mlalamikaji wa kawaida halifanyi. Alimwita rafiki yake Viacheslav Ragozin, mchezaji hodari, wakacheza michezo ya mazoezi faraghani, redio ikiwa wazi, Ragozin akimpulizia moshi usoni. Hawakuwa wakitafuta nani ni mshindi. Lengo la michezo ile lilikuwa kuzoea. Mashindano ya mwaka 1941 yalipofika, alipata pointi 13 na nusu katika michezo 20, mbele ya Paul Keres aliyepata 11.

Njia hiyo aliitumia pia kwa tatizo linalowasumbua wachezaji wote, hata wa mtaani: saa. Katika sataranji ya mashindano kila mchezaji ana muda wake, na muda ukiisha anapoteza hata kama kete zake zimesimama vizuri. Kuna watu wanafikiri dakika 40 kwenye hatua ya kumi, kisha wanakimbizana na hatua za mwisho kama mtu anayekimbilia basi. Katika makala ya mwaka 1939 kuhusu namna anavyojiandaa, Botvinnik aliwashauri watu wa aina hiyo wacheze michezo ya mazoezi ambamo wanaangalia saa tu. Usijali umeshinda au umeshindwa, wala kama hatua zako ni nzuri: tazama muda, mpaka mkono uzoee. Baada ya hapo ndipo urudi kutazama ubora wa mchezo.

Ushauri huo una miaka zaidi ya 80 na bado ni mgumu kufuatwa, kwa sababu unamtaka mtu akubali kupoteza michezo kadhaa makusudi. Anayecheza dame kwa vizibo vya chupa chini ya mwembe, na watu wamemzunguka wakicheka, anajua uchungu wa kupoteza mbele ya macho ya wengine. Kukaa pale na kusema moyoni, leo sikuja kushinda, nimekuja kujifunza kutoharakisha, kunahitaji moyo. Lakini ni lengo ambalo mtu anaweza kulifikia jioni ile ile. Kushinda kunategemea na mpinzani. Kutoharakisha kunakutegemea wewe.

Jambo la tatu katika mazoea yake lilikuwa daftari. Sataranji ina alama zake: mistari ya ubao ina herufi a hadi h, safu zina namba 1 hadi 8, hivyo kila chumba kina jina lake, na mchezo mzima unaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule. Botvinnik aliandika na kuchambua michezo yake, kisha akaona kwamba kujichambua peke yake hakutoshi, kwani mtu hujihurumia. Akatetea kwamba uchambuzi uchapishwe, ili wengine wauone na kuonyesha makosa. Alikosolewa mara nyingi, na baadhi ya makosa aliyoonyeshwa aliyakubali kwa maandishi. Faida yake ni kwamba kosa lililoandikwa halisahauliki kirahisi. La mdomoni linageuka visingizio baada ya wiki moja.

Turudi Perm, maana kuna sehemu ya hadithi ambayo haipendezi sana. Wakubwa wa kazini walitaka kumtuma msituni kukata miti, kama walivyotumwa wafanyakazi wengine. Botvinnik aliona kwamba akienda huko sataranji yake imekwisha. Akaandika barua kwa Vyacheslav Molotov, waziri wa mambo ya nje, mmoja wa watu waliokuwa karibu kabisa na Stalin. Jibu likaja kwamba injinia huyo apewe nafasi ya kulinda uwezo wake wa sataranji, na akapewa siku tatu kwa wiki kwa ajili ya mchezo. (Mji wa Perm wenyewe wakati ule ulikuwa umepewa jina la Molotov, kwa hiyo mkurugenzi wa shirika hakuwa na nafasi kubwa ya kubishana.)

Wengine waliokimbia vita hawakuwa na waziri wa kumwandikia. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu mara nyingi vitabu vinasifu nidhamu ya bingwa na kuruka serikali iliyomlipa mshahara na kumpa muda. Hata hivyo michezo ile 60 hakuingojea barua. Na zile siku tatu, zilipokuja, zilimkuta mtu mwenye kazi ya kufanya. Mwaka 1943 alienda Sverdlovsk, mji mwingine wa Ural, akashinda mashindano. Mwaka 1944 akawa tena bingwa wa nchi, na 1945 vilevile. Alekhine alikufa mwaka 1946 kabla hawajacheza. Mwaka 1948 wachezaji watano walikutana The Hague na Moscow kugombea taji lililobaki bila mwenyewe. Botvinnik alipata pointi 14 katika michezo 20. Wa pili, Vasily Smyslov, alikuwa na 11.

Kisha akajifunza upande wa pili wa mazoea: kuyaacha. Baada ya 1948 alirudi kwenye umeme kuandika tasnifu ya udaktari, na kwa miaka mitatu hakucheza mchezo wowote wa mashindano. Mwaka 1951 ilimpasa kutetea taji mbele ya David Bronstein. Bingwa alikuwa ameshika kutu, na ikaonekana. Ikiwa imebaki michezo miwili tu kati ya 24, Bronstein alikuwa mbele kwa pointi moja. Botvinnik alishinda mchezo wa 23 na kwenda sare wa 24. Mwisho ulikuwa 12 kwa 12, na kwa sheria ya wakati ule sare ilimwachia bingwa taji lake. Aliponea chupuchupu, na alijua sababu.

Alipoteza taji mwaka 1957 kwa Smyslov na kulirudisha 1958. Akalipoteza tena mwaka 1960 kwa Mikhail Tal, kijana wa miaka 23 aliyetoa kete zake sadaka kama mtu anayegawa karanga. Wengi walidhani mzee amekwisha. Sheria ilimruhusu kudai marudiano baada ya mwaka mmoja, na mwaka huo aliutumia kujisoma mwenyewe kwanza, kisha kumsoma Tal: ni mahali gani kijana huyo anapata raha, na ni mahali gani anachoka. Mwaka 1961, akikaribia miaka 50, alishinda kwa 13 dhidi ya 8.

Kwa familia ambazo hazina hata meza, hadithi ya bingwa wa Kisovieti inaweza kusikika kama ya sayari nyingine. Iko iliyo karibu zaidi. Katika mtaa wa Katwe, mjini Kampala, Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha watoto wa mabanda sataranji, na alikuwa akiwapa uji. Wengi walikuja kwa ajili ya uji. Mmoja alikuwa Phiona Mutesi, aliyemfuata kaka yake. Wakati ule hakujua kusoma, na aliyemwonyesha kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2016 filamu ilitolewa kuhusu maisha yake. Lakini kati ya bakuli la uji na ndege ya Urusi kuna miaka ya kurudi mahali pale pale siku baada ya siku, na sehemu hiyo filamu huipitia haraka.

Yuko pia Tanitoluwa Adewumi, ambaye wazazi wake waliikimbia Nigeria mwaka 2017 wakiwahofia Boko Haram. Walifika New York wakawekwa katika nyumba ya watu wasio na makazi. Shuleni kwake kulikuwa na kikundi cha sataranji, na mama yake alipoandika kwamba familia haina uwezo wa kulipa, aliyeongoza kikundi akamsamehe ada. Katika mashindano yake ya kwanza mtoto huyo alikuwa na kiwango cha 105, cha chini kuliko wote waliokuwapo. Baada ya mwaka mmoja hivi, Machi 2019, akiwa na miaka 8, alishinda ubingwa wa jimbo la New York kwa watoto wa madarasa ya chini bila kupoteza hata mchezo mmoja, na kiwango chake kilikuwa kimefika 1587. Ratiba yake ilijulikana: jioni akilala sakafuni pale walipokaa, na ubao wake mbele, Jumamosi, saa tatu nzima za mazoezi ya bure.

Namba hizo za kiwango zinatokana na kazi ya Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kukulia Marekani. Marekani ilianza kutumia hesabu yake mwaka 1960, na shirikisho la dunia mwaka 1970. Ukimshinda aliye juu yako unapanda sana, ukimshinda dhaifu unapanda kidogo, ukipoteza unashuka. Uzuri wake ni kwamba mtu anajilinganisha na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Ubaya wake ni kwamba watoto wanaanza kuitumikia namba, wanaogopa kucheza na wenye nguvu ili isishuke, na hapo kujifunza kunakoma.

Pasipo na namba wala shirikisho, daftari linatosha kwa kazi hiyo. Kipande cha katoni kikipigwa mistari kwa rula kinapata vyumba 64, na kete zinaweza kuwa vizibo vilivyoandikwa herufi. Kijana akiandika michezo kumi yote aliyocheza mwezi huu, aliyoshinda na aliyopoteza, kisha akaisoma pamoja na mwenzake, karibu kila mara ataona kosa moja linajirudia: anamtoa malkia mapema, au anasahau kumficha mfalme, au haangalii mpinzani ametaka nini kwa hatua yake ya mwisho. Mwezi unaofuata ana lengo: kosa hilo moja. Yale mengine yatangoja. Nusu saa kila jioni, giza halijaingia, inamfaa kuliko Jumapili nzima ya kucheza bila kukumbuka chochote.

Botvinnik mwenyewe aliwafundisha vijana kwa njia isiyotofautiana sana na hiyo. Baada ya mwaka 1963, alipolipoteza taji kwa Tigran Petrosian bila haki ya marudiano, nguvu zake nyingi zilienda kwenye shule yake ya sataranji. Anatoly Karpov alipita pale. Garry Kasparov alifika mwaka 1973 akiwa na miaka 10, na baadaye Vladimir Kramnik. Wote watatu walikuja kuwa mabingwa wa dunia. Kila mwanafunzi alitakiwa kuja na michezo yake mwenyewe, pamoja na ile aliyoshindwa, na kuieleza mbele ya wenzake na mbele ya mzee huyo mwenye miwani, kisha akapewa kazi ya kufanya nyumbani kulingana na udhaifu wake. Vikao vilikuwa vichache kwa mwaka, siku kadhaa tu wakati wa likizo ya shule. Miezi mingine yote mtoto alibaki kwao, peke yake na daftari, mpaka kikao kingine.